Tulioulisha Utelezi

Bangwe, Kigoma

Hidaya,

Shikamoo yako iko wapi? Idi mbili zimepita naingoja. Marahaba ninayo hapa mdomoni, imekaa mpaka imechacha kama uji wa juzi, na bado siitemi kwa sababu ni yako. Umerudi Kigoma mwezi mzima sasa. Umelala Gungu kwa shangazi yako Mwamini, umekula, umefua, umepanda bodaboda kwenda sokoni na kurudi, na hiyo bodaboda haikujua njia ya Bangwe? Mtoto niliyemlea tangu hajaota meno, nikamtolea samaki miiba kwa ulimi wangu mwenyewe, yuko pale, nami niko hapa, tunasikiana kwa watu kama majirani waliogombania mpaka. Kichefuchefu kitupu. Nusu ya kichefuchefu hicho ni yako na nusu ni yangu, na nusu yangu ndiyo kubwa. Nitafika huko.

Kesho unapanda treni. Mwamini ameniambia yote: Dar es Salaam, halafu boti, halafu Unguja kwa akina mama wanaolima mwani. Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za vyakula vya dirishani njiani. Mwamini ameshakuchosha na hayo, na wewe akili unazo. Ningekuja stesheni mwenyewe, lakini mguu wangu wa kushoto umevimba kama muhogo uliosahauliwa shambani. Sababu yake utaisoma mbele, na utacheka, na ucheke tu.

Barua hii nimeianza siku nne zilizopita. Mkono wangu ni mzito. Shule sikuingia hata siku moja, unajua, herufi hizi ulinifundisha wewe ulipokuwa darasa la tatu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, ukinigonga vidole kwa kijiti kila nikikosea. "Bibi, tumbo la herufi linaangalia huku, siyo huko!" Ukuta ule sijaupaka chokaa mpaka leo. Kwa hiyo ukikuta makosa humu, mwalimu ni wewe.

Nataka kukuandikia juu ya Jiwe Pana, lile la ufukoni tunapofulia.

Nilipoolewa nikaja Bangwe, jiwe lile lilikuwa linakwangua nyayo kama tupa. Mtu alisimama juu yake na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, na halikumwangusha. Maji yalikuwa maangavu, unaziona kokoto za chini hata pale yanapokufika shingoni. Kwenye mawe ya chini kulikuwa na kijani kifupi, kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi, na samaki wadogo wa mawe walishinda wanakikwangua kwa midomo. Kijani chenyewe kilikuwa kigumu, kina njaa, kimeng'ang'ania jiwe. Hatukukijali, nacho hakikutujali.

Halafu watu wakaongezeka, na sisi tulikuwa ndani ya hao walioongezeka. Tulifulia hapo. Tuliosha masufuria hapo. Migebuka tuliipasulia hapo hapo na matumbo tukayasukuma kwa mguu yaende na maji. Ziwa ni kubwa, tulisema. Ng'ambo ni Kongo, na siku ya ukungu huoni hata milima yake. Litajazwa na utumbo wa samaki? Choo chetu nacho, wakati wa masika, unakumbuka kilivyokuwa kinafurika na kuteremka polepole kama mgeni asiye na haraka, mpaka ziwani. Na maji ya kupikia tulichota hatua kumi pembeni. Naandika hivi na pua yangu inajikunja. Tulikunywa sisi. Nilikunywesha wewe.

Ndipo utelezi ukaja. Kwanza ulikuwa ute tu, kidole kikipita kinaacha njia. Baadaye ukaota nywele, kijani kizito, ndefu, zinapepea majini kama nywele za mtu aliyezama. Ukizishika zinakutoka vidoleni kama kamasi la ng'ombe. Zikifa zinageuka manjano, halafu kahawia, mawimbi yanazisukuma ufukoni zinarundikana, zinavimba mapovu, zinanuka yai viza. Nzi juu, konokono chini. Dagaa wetu tuliowaanika karibu wakavuta harufu ile, na mteja wa Katonga akanirudishia mfuko mzima akisema, "Bibi, hawa umewaanika chooni?" Niliupokea mfuko wangu, kwa sababu alikuwa amekaribia kweli.

Sasa sikiliza ujinga wangu, maana watu wameusahau na mimi sitaki usahaulike.

Nilisimama mbele ya wanawake wenzangu nikasema Bangwe hailali na uchafu. Nikaanzisha Jumamosi ya jiwe. Kila Jumamosi asubuhi, Waislamu na Wakristo pamoja, kila mmoja na debe lake la jivu la jikoni na sabuni ya unga. Tunamwaga juu ya jiwe, tunasugua kwa magunzi, tunasuuza, na uchafu wote pamoja na jivu lake tunauswaga majini. Jiwe linabaki jeupe. Tunapiga vigelegele. Ikifika Alhamisi utelezi umeshaota tena, na unaota mnene kuliko juma lililopita. Tukafanya nini? Tukaongeza jivu. Aliyekuwa akileta debe moja akaleta mawili. Wakaniita Mwenyekiti wa Jivu, nami nikajibu jina hilo kwa kifua mbele. Miaka, Hidaya. Siyo mwezi mmoja. Miaka.

Siku moja Bi Chausiku, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, alikanyaga Jiwe Pana akiwa na beseni la nguo. Nilisikia nyonga yake ikivunjika kama kuni kavu. Tangu hapo anakaa mkekani mlangoni kwake, na dunia inampita. Nililaumu wenye maboti na mafuta ya injini zao. Nililaumu mke wa jirani, nikasema ametega dawa. Nililaumu kila mtu aliyekuwa na miguu miwili. Debe langu la jivu lilikuwa pale pale mkononi, na sikulitazama.

Ukaja wewe likizo ya chuo na kikapu cha vyungu vidogo kutoka soko la Ujiji, vile vya watoto kuchezea kupikapika. Vilikuwa kumi na viwili. Ukapika uji unaotetemeka, ukaumimina ndani, ukaziba midomo kwa nta ya mshumaa, ukafunga kila kimoja kitambaa cha rangi, ukavitosa majini kwa kamba karibu na Jiwe Pana. Nilikuuliza unafanya nini. Ulisema, "Napima maji, Bibi." Basi. Kilichokuwa ndani ya vyungu hukuniambia. Hiyo ndiyo nusu yako, na naiandika kwa sababu ipo. Umesoma, ukadhani bibi yako hataelewa, ukanipa maneno matatu kama unampa mtoto pipi anyamaze.

Mama Zawadi muuza migebuka ndiye aliyeona mfuko wa mbolea kwenye kikapu chako. Una habari ya mdomo wake. "Njooni! Njooni muone! Mjukuu wa Mwenyekiti anapanda utelezi!" Wakaja wote, na mimi nikaja, na aibu ikanipanda kichwani kabla akili haijafika.

"Nini hiki?" nikakuuliza.

"Ni jaribio, Bibi. Ngoja nikueleze."

"Umetia mbolea ziwani?"

"Kijiko tu, na ni kwenye vyungu viwili. Vingine vina vitu vingine."

"Chausiku amelala na nyonga mbovu, na wewe unaulisha utelezi!"

Ukanitazama, na mbele ya wanawake wote ukasema, "Siulishi mimi, Bibi. Mnaulisha nyinyi."

Nilivivuta vyungu vyako kwa kamba zake nikavipasua juu ya Jiwe Pana, kimoja kimoja. Cha nne ulinishika mkono. Nikakusukuma. Mama Zawadi alicheka, kisha akaacha kucheka. Wewe hukulia. Uliokota kikapu chako ukasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Zilibaki siku tisa tu, Bibi." Ukapanda kilima bila kugeuka.

Siku tisa. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Mwamini ndiye aliyeniambia baadaye kwamba chuoni walikurudisha nyuma mwaka mzima kwa sababu ya siku tisa zile.

Kesho yake nilikwenda kuokota vigae visije vikakata watu miguu. Hiyo tu ndiyo ilikuwa nia yangu, usinipambe. Niliinama, nikaokota kigae chenye kitambaa cheupe. Kilikuwa safi karibu chote, kina vinyweleo vifupi tu vya kijani, kama mawe yale niliyoyakuta nikiwa bibi harusi. Nikaokota chenye kitambaa cheusi. Kilikuwa na ndevu. Chenye chekundu kilikuwa na ndevu za beberu, ndefu, zinachuruzika ute mpaka kwenye kiwiko changu. Nikanusa cheusi. Nikakuna kwa kucha. Ndani mlikuwa na jivu, limejipenyeza polepole kwenye udongo wa chungu mpaka nje. Jivu la jikoni kwangu, Hidaya, lenye vipande vya maganda ya karanga, maana mimi peke yangu ndiye ninayechoma maganda ya karanga mtaa mzima. Chekundu kilinuka maji ya kuoshea samaki. Cheupe hakikuwa na kitu.

Nilitapika. Hapo hapo, juu ya Jiwe Pana, nikaongezea ziwa chakula kingine.

Na unajua kilichonichoma zaidi? Nyuma ya jikoni nina migomba minne. Kila mwezi naimwagia jivu, kwa sababu mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Hakuna mwanamke wa Kigoma asiyejua kwamba jivu hunenepesha mgomba. Tulijua! Tulishika jivu hilo hilo kwa mkono huo huo, huku tukanenepesha migomba, kule tukasema tunaua. Aliyesoma angesema hatukujua. Mimi sina pa kujifichia. Nilijua kwa mkono mmoja, nikawa mjinga kwa mkono wa pili.

Lakini mimi ni mbishi, na mbishi haamini hata matapishi yake. Nikaenda Ujiji mwenyewe kununua vyungu vitatu. Ule uji wako unaotetemeka sikujua unapikwa na nini, nikapika uji mzito wa muhogo. Wee! Siku ya tano ulichacha, kizibo kikaruka, na harufu iliyotoka humo hata mbwa aliondoka. Mara ya pili nikatumia mchanga. Chungu kimoja mchanga mtupu, kitambaa cheupe. Kingine mchanga na jivu, cheusi. Cha tatu mchanga uliolowekwa maji ya samaki, chekundu. Nta ya mshumaa juu, kama ulivyofanya wewe. Kila Ijumaa nilivivuta, nikapima unywele mrefu kuliko yote kwa pingili za kidole changu, na kwa kila pingili nikafunga fundo kwenye uzi wa rangi yake.

Nyuzi alishika Bi Chausiku, pale pale mkekani.

"Umevunja mtihani wa mtoto," akaniambia, "sasa unaurudia wewe?"

"Nyamaza, shika uzi."

"Ukifeli nani atakuchapa?"

"Wewe huwezi hata kusimama."

Akacheka mpaka akashika nyonga. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aanguke, na aliyemwangusha ni mimi. Nilimwambia hivyo, Hidaya. Nilikaa mkekani kwake nikamwambia, "Chausiku, utelezi ule niliulisha mimi." Alivuta uzi mweusi akahesabu mafundo yake, akasema, "Na mimi nilileta debe langu kila Jumamosi. Funga fundo, Ijumaa inapita."

Wakati nafunga mafundo yale ndipo maneno yako ya zamani yakanirudia, yale uliyokuwa unaniambia tukichambua dagaa, nami nikakujibu, "Acha upuuzi, chambua." Ulisema utelezi na mwani ni ndugu, hauna mizizi ya kuchimba ardhini, unakula kwa mwili mzima, kinachopita majini ndicho kinachouingia. Ulisema ziwa letu lina jua la kutosha na joto la kutosha, na maji yake ya juu yamenyimwa vitu vichache tu, na upungufu wa vitu hivyo ndio uliokuwa unaufanya utelezi uwe mfupi. Ukanipa mfano: "Bibi, una gunia zima la unga na kuni za mwezi, maji huna. Utapika ugali?" Nikasema sitapika. "Akija mtu na ndoo ya maji?" Nitapika mpaka unga uishe. "Basi ndoo hiyo ndiyo matumbo ya migebuka." Nilicheka. Nilidhani unanichekesha.

Ulisema pia kwamba mchana utelezi hutoa pumzi ukiwa na jua, lakini giza likiingia huvuta ile pumzi iliyomo majini, na ukiwa mwingi huwanyima samaki. Na kweli, mara mbili alfajiri nimeona vifaranga vya samaki kuhe wanahema juu juu kwenye kidimbwi nyuma ya jiwe, midomo wazi. Nikasema uchawi. Na kiangazi, ukasema, upepo wa kusini unalikoroga ziwa na kupandisha chakula cha chini, kwa hiyo utelezi mwingine kidogo ni wa Mungu, si wote ulioletwa na sisi. Hilo nalo ni kweli. Upepo ule ulipovuma, hata chungu changu cheupe kiliongeza fundo moja. Cheusi kiliongeza manne.

Na ukasema Unguja ni kinyume. Kwamba huko mwani wa akina mama mahali pengine una njaa, maji yamepata joto na chakula ni kichache, unapauka, unakuwa mwembamba, matawi yanageuka meupe na kukatika mkononi. Nikasema, "Basi wapelekeeni uchafu wetu!" Ukasema siyo rahisi hivyo, kwanza lazima ujue kilichopungua ni nini.

Nimewalea watoto wawili kabla yako, na sikuwahi kujiuliza swali hilo hata mara moja. Baba yako, Ramadhani, alikuwa kitinda mimba na wa kiume, nikammwagia. Akianguka nilipiga ardhi iliyomwangusha. Akifukuzwa kazi nilimtukana aliyemfukuza. Akarefuka, akapendeza, akapepea, na mshiko hana. Kila wimbi linampeleka. Sasa yuko Kalemie ng'ambo, au hayuko, na wewe ukabaki kwangu. Mwamini naye alikuwa anajiweza, kwa hiyo sikumpa kitu. Alijifunza kushona akiwa msichana, akanishonea gauni, la kwanza maishani mwake. Nililigeuza nikamwambia, "Mshono wa begani umepinda." Basi. Juzi amekuja kunifunga mguu, akaniona nimelivaa. "Bado unalo, Mama?" "Ninalo." "Mshono wa begani bado umepinda?" Ana nywele nyeupe sasa, na bado anauliza. Nikamwambia ni gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuvaa, na ni kweli, na ilikuwa kweli siku ile pia. Alifunga bandeji vibaya kwa sababu alikuwa haoni vizuri kwa machozi. Neno moja lilikuwa limepungua, na nilikuwa nalo mdomoni miaka yote hiyo bure kabisa. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyouchukia utelezi.

Wewe nilidhani nimekupatia. Nilikupa samaki, nilikupa shule, nilikupa viboko vyako vichache na kifua changu cha kulalia. Gunia la unga nilikupa, na kuni. Siku uliponihitaji, ulihitaji kitu kimoja tu, siku tisa za subira, nami sikuwa nazo.

Nilikukosea. Siandiki "kama nilikukosea," maana huo nao ni utelezi, mtu anakanyaga anapita pembeni. Nilivunja kazi yako kwa aibu yangu, mbele ya watu, na nilikusukuma. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nenda nayo Unguja mpaka uweze, mimi sina haraka, nina mguu mbovu.

Nimesimama mbele ya wanawake wale wale. Nilibeba vyungu vitatu kwenye sinia kama pilau. Mama Zawadi akasema, "Tangu lini jivu likawa chakula?" Nikamwuliza, "Migomba yako unaimwagia nini?" "Jivu," akasema. Hiyo peke yake ilitosha siku. Tumechimba shimo juu, mbali na maji, la kumwagia maji ya nguo na ya samaki, na tumelizungushia migomba. Inanenepa kama wake wa matajiri. Choo changu nimekihamishia nyuma ya nyumba, juu ya kilima, nimeanza kuchimba kile cha Bi Chausiku. Jivu sasa linakwenda shambani tu.

Usidhani nakuandikia ushindi. Jiwe Pana bado linachukiza. Wengine wanaufuata mpango, wengine wanangoja nigeuke wasukume matumbo kwa mguu. Jumanne nilikwenda kutosa vyungu vipya, nikajisemea jiwe limepata nafuu, nikapanda kwa mbwembwe. Hidaya! Niliruka miguu juu kama mbuzi wa kafara, nikakalia utelezi wangu mwenyewe, ukaingia mpaka kwenye kanga na mahali ambapo siandiki. Mama Zawadi ndiye aliyenivuta. "Mwenyekiti," akasema, "umekuja kuulisha au kuulalia?" Ndio mguu huo. Cheka.

Pamoja na barua hii Mwamini atakupa kifurushi. Ndani mna nyuzi tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Kila Ijumaa imetengwa na shanga moja, na kati ya shanga kuna mafundo ya pingili. Ijumaa mbili hazipo, nilikuwa na homa, sikudanganya nikazijaza. Sijui kama wakubwa wako wanapokea kazi ya mafundo. Wasipoipokea, ni yako. Siyo siku tisa zako, hizo siwezi kukurudishia. Ni miezi kumi na minne ya kwangu.

Huko Unguja utawakuta wanawake wameinama majini tangu hujazaliwa. Kabla hujatosa chungu chochote kwenye maji yao, kaa nao, mwage kilichomo ndani ya chungu mkononi mwako mbele yao, waone, wanuse, wakutukane wakitaka. Usiwape maneno matatu. Mmoja wao ana mdomo wa Mama Zawadi na mwingine ana kichwa changu, na hicho kichwa kikielewa kitakushikia nyuzi mpaka kife.

Basi. Mwamini amefika mlangoni, ananiharakisha, anasema bodaboda inasubiri.

Ukirudi Kigoma, usije nyumbani kwanza. Shukia njia ya ziwani, vua viatu, panda Jiwe Pana polepole, simama katikati. Likikutelezesha, chukua jembe lililoegemezwa nyuma ya nyumba ya Bi Chausiku, uchimbe choo chake pale nilipoishia, nitakusikia. Likikukwangua nyayo, pandisha kilima bila kupiga hodi, uniambie shikamoo.